Jioni moja Rufiji: pori hili lilikuwa na wenyewe

Nilipotea kidogo, nilikuwa Rufiji. Nimerudi na jambo linalonikera, ngoja nilitoe.

Jioni moja nilipanda boti ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tulikuwa abiria sita, nahodha, na askari wa wanyamapori aliyekuwa akituelezea kila kitu. Viboko wanakoroma majini, mamba wamejilaza mchangani midomo wazi, jua linazama nyuma ya mivumo. Sitawaongopea, ni pazuri mno.

Mgeni mmoja akauliza kuhusu jina la zamani, Selous. Askari akajibu bila kusita: Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, alipigwa risasi na jeshi la Wajerumani pale Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65. Amezikwa hukohuko. Waingereza wakaipa hifadhi jina lake mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikawa hifadhi ya taifa na kupewa jina la Mwalimu.

Nami nikauliza langu: "Kaka, na watu waliokuwa wanaishi huku?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akanionyesha mwembe mmoja mzee, peke yake juu ya ukingo. "Dada, tembo hapandi mwembe. Babu yangu alizaliwa ndani huko, upande wa Liwale. Wakahamishwa. Ila wageni huwa hawaulizi."

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitenga eneo la Rufiji kuwa la wanyama. Wenyeji walikuwepo, wanalima, wanavua, wanawinda.

Kusini mwa mto, pale Ngarambe, akatokea Kinjeketile Ngwale. Akagawa maji ya dawa na kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya mkoloni. Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu, Maji Maji ikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile kule Mohoro. Vita ikaendelea mpaka 1907. Wakachoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikamaliza watu. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Palipokuwa na mashamba pakaota pori, wanyama wakaingia.

Miaka ya 1940 Waingereza nao wakahamisha maelfu ya watu wa Liwale. Sababu iliyotolewa ni ugonjwa wa malale, na mipaka ya hifadhi ikapanuliwa. Mwaka 1982 UNESCO ikaliweka pori hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Leo tunaambiwa ni pori ambalo halijaguswa na mwanadamu! Halijaguswa na nani?

Sisemi hifadhi ifutwe. Wanyama wale ni wetu na nimefurahi kuwaona. Wala sisemi Selous asitajwe. Ninachosema ni kwamba mwindaji mmoja anasimuliwa mpaka umri aliofia, wakati waliokufa kwa maelfu wanatajwa kwa kunong'ona, tena mpaka uulize.

Ukienda Rufiji, uliza. Yule askari anaijua habari yote, anasubiri mtu wa kumwambia. Kinjeketile apewe dakika tano tu ndani ya boti.

Au nimekosea? Semeni wenzangu.