Redio, Walkman na kale kaampli: bei inapandaje, na nani anailipa

Zamu ya historia wiki hii imetuangukia sisi wa kundi la Bujumbura, na mada hatukuitafuta mbali, ilikuja yenyewe. Kuna kidude kimeingia mjini, kadogo kama kiberiti, wanakiita ampli ya hedifoni. Unakichomeka kwenye simu, hedifoni unazichomeka kwenye kidude, sauti inapata nguvu. Vijana wa Bwiza na Buyenzi wanakisifu kama vile kimeshuka toka mbinguni. Mmoja wetu (hatumtaji, anasoma hapa) alitaka kuuza simu yake nzuri, anunue simu mbaya pamoja na hicho kidude. Tukabishana siku tatu. Mwisho tukasema, ngoja tuangalie vitu vya kusikilizia vilivyotangulia, vilipandaje bei na vilishukaje, tangu redio za babu zetu.

Kwanza kazi ya ampli yenyewe, maana wengine wanabisha bila kuijua. Simu ina nguvu ndogo ya kusukuma sauti. Hedifoni zile kubwa za studio zinataka kusukumwa zaidi, na hapo ampli inasaidia kweli. Vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio, vilivyotengenezwa kwa ajili ya simu, simu inavisukuma vizuri bila msaada. Kwa hiyo ampli ni kitu cha kweli. Lakini kazi ya kitu ni neno moja na bei yake ni neno lingine.

Tuanzie kusini mwa ziwa letu. Meli zinazoleta mizigo Bujumbura kutoka Mpulungu zinatoka nchi iliyoitwa zamani Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Kule Lusaka, bwana mmoja wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, alihangaika miaka kutafuta kampuni ya kutengeneza redio ya betri ambayo Mwafrika wa mshahara mdogo angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali. Mwaka 1949 redio zikafika. Ili gharama ipungue walizifungia ndani ya umbo la sufuria ya alumini, na jina likawa hilohilo, redio ya sufuria. Bei yake pauni 5. Betri yake, peke yake, pauni 1 na shilingi 5, na ilidumu kama saa 300.

Sasa piga hesabu nasi. Ukisikiliza saa 4 kwa siku, betri inaisha kwa miezi miwili na nusu. Betri nne ni pauni 5. Yaani kabla mwaka haujaisha umeinunua ile redio mara ya pili, na hakuna aliyekuambia hivyo siku ya kununua. Watu walizinunua kwa maelfu pamoja na hayo, maana ndani yake kulikuwa na habari na miziki kwa lugha zao wenyewe. Hesabu hii ya betri tunaomba muishike, tutaihitaji tena.

Baadaye ikaja transista. Redio ya kwanza ya transista ya mfukoni iliyouzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954 kwa dola 49.95, pesa nyingi sana wakati ule. Wajapani wakaingia, bei ikaanguka, na kufikia miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita, wale wa National, walikuwa na kiwanda Dar es Salaam. Toka Dar treni hadi Kigoma, toka Kigoma meli hadi kwetu. Wazee wa Buyenzi wanakumbuka National kama jina la ukoo. Mtu alikuwa akitembea na redio begani, haijalishi kama ina betri.

Lakini kama unataka kuelewa kelele za kitu zinatengenezwaje, soma habari za Walkman. Sony waliitoa tarehe 1 Julai 1979 (ndiyo, siku ya uhuru wa Burundi, imetokea tu). Ilikuwa mashine ya kaseti ya kutembea nayo na hedifoni nyepesi, bei yen 33,000. Ndani ya kampuni yenyewe wengi walicheka: kaseti isiyoweza kurekodi nani atainunua? Walitengeneza 30,000 za kwanza. Mwezi wa Julai wakauza kama 3,000 tu. Hapo ndipo wakafanya jambo la akili. Wafanyakazi wao wakaingia mitaani Tokyo, kwenye treni, kwenye bustani ambako vijana wanakaa, wakiwa wamevaa Walkman, na kila aliyewaangalia wakampa asikilize. Mwisho wa Agosti zote 30,000 zilikuwa zimeisha.

Tazama vizuri. Mashine ya Julai na mashine ya Agosti ni ileile, sauti ileile. Kilichobadilika ni kwamba Agosti kila kijana wa Tokyo alikuwa amemwona kijana mwingine nayo. Na ya kuchekesha zaidi ni mwisho wa hadithi. Walkman ikazeeka, simu zikaila, na mwaka 2010 Sony wakaacha kuuza Walkman ya kaseti kule Japani. Ilikuwa kitu cha kutupa. Kisha mwaka 2014 ikatoka filamu ya Marekani, Guardians of the Galaxy, ambamo shujaa anatembea na Walkman ileile ya kwanza, TPS-L2. Basi! Walioziweka kwenye masanduku ya vitu vibovu wakaanza kuziuza kwa mamia ya dola. Kaseti zenyewe wengine hawana, wananunua Walkman waiweke mezani.

Ampli za hedifoni zina hadithi kama hiyo, fupi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani anayeitwa Chu Moy alitoa bure mchoro wa ampli ndogo ya betri moja ya volti 9. Watu wakaijenga wenyewe ndani ya makopo ya pipi za Altoids. Kopo la pipi! Vifaa vyake ni vya bei ndogo, fundi yeyote wa Buyenzi angeiunganisha kabla ya chakula cha mchana. Halafu biashara ikaingia, makopo yakawa ya kupendeza, bei zikapanda hadi mamia ya dola, na kila baada ya miezi michache inatokea nyingine inayosemwa kuwa imeua zote. Ile ya mwaka jana inauzwa mtumba nusu ya bei, ingawa haijaharibika kitu.

Mwaka 2011 akatokea mhandisi mmoja aliyejificha nyuma ya jina NwAvGuy. Alisema tuache kusifu, tupime. Akapima kwa vyombo, akachora ampli yake, akaiita O2, vifaa vyake dola makumi machache, akaonyesha kwa vipimo kwamba inasimama sawa na mashine ya zaidi ya dola 1,500. Mchoro akautoa bure. Wafanyabiashara wengine walimchukia. Mwaka 2012 akanyamaza ghafla, na jina lake la kweli halijawahi kujulikana. Sisi tunampenda huyo mtu. Lakini angalieni, hata kazi yake haikuzima kelele. Mwaka 2016 simu ya iPhone 7 ikatoka bila tundu la hedifoni, simu nyingine zikafuata, na ghafla kila mwenye hedifoni ya waya akahitaji kidude cha kuchomeka katikati. Moto ukawaka upya. Ule moto ndio umefika Buja sasa, umechelewa kama kawaida yetu.

Na hapa kwetu? Kwetu bei ya vitu hivi inapanda kwa kelele kama kwingine, lakini pia inapanda kwa sababu nyingine ambazo mtu wa Tokyo hazijui.

Ya kwanza ni soko. Asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Wafanyabiashara wengi hawakuwa na bima. Mali ikaisha kwa siku moja, waliobaki na stoki wakapandisha, na wauzaji wakatawanyika: Cotebu, kwa Siyoni, Ruvumera. Soko likiwa moja unaweza kuuliza bei kwa watu kumi ndani ya dakika kumi. Likitawanyika unamhitaji komisiyoneri, yule kijana anayesimama njiani na kukuambia anajua nani ana nini. Komisiyoneri hana duka, hana mali. Mali yake ni maneno. Akisema redio fulani inatafutwa sana wiki hii, imeshaanza kutafutwa. Sony walihitaji wafanyakazi wa kutembeza Walkman mitaani, sisi tuko na hawa.

Ya pili ni kile kinachosikika. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio za binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kuharibiwa: RPA, Isanganiro, Bonesha, Renaissance, na Rema nayo. Isanganiro na Rema zilirudi hewani Februari 2016, nyingine hazikurudi wakati ule. Redio nzuri ya FM ikabaki redio nzuri ileile, lakini ilikuwa na vituo vichache vya kukamata. Habari zikahamia kwenye simu, zikapita kama sauti za WhatsApp, mtu anasikiliza na hedifoni ili jirani asisikie. Hapo hedifoni ikaacha kuwa pambo. Tunadhani watu wanaoandika historia ya fasheni mjini Buja wanaisahau sababu hii.

Ya tatu ni pesa yenyewe. Mei 2023 benki kuu ilishusha thamani ya faranga, toka kama 2,080 kwa dola hadi kama 2,800. Mwezi uliofuata ikaondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na watu wakapewa siku 10 kuzibadilisha. Siku kumi! Mtu wa kambi ya Kavumu au Bwagiriza, benki iko wapi? Tangu pale tunaona watu wengi hawaweki tena akiba kwenye noti. Wanaweka kwenye simu, kwenye spika ya bluetooth, kwenye kitu chochote ambacho kesho kinauzika. Si wajinga. Kitu kinaweza kushuka bei lakini hakuna anayekuja kukuambia kimeondolewa kwenye mzunguko.

Shida ni kwamba kitu cha kusikilizia ni benki mbaya kwa mtu wa safari. Sisi tunaojitolea kupokea wageni tumeliona hili mara nyingi mno. Mwenye kuhama anauza siku ambayo kila mtu anauza. Mnunuzi anaona mfuko mgongoni na watoto nyuma, anajua huyu hawezi kurudi kesho kubishana. Na anayefika upande wa pili ananunua siku ambayo kila mtu anatafuta. Spika ileile. Wazee wetu waliotoka Uvira na Fizi mwaka 1996 wanasimulia bei zilezile: redio kaseti ilitolewa kwa bei ya nauli, na mwaka mmoja baadaye ndugu yake ilinunuliwa Buja kwa bei ya mbuzi.

Kitu kinachoshika bei kwenye safari ni kile ambacho fundi anaweza kukifungua. Mulizeni fundi yeyote wa Buyenzi. Redio ya zamani ana vipande vyake kwenye kopo, anaunganisha, inaimba. Vidude hivi vipya vya kuchaji, betri imegandishwa ndani kwa gundi, ikifa umebaki na plastiki. Kumbukeni betri ya redio ya sufuria. Kule Lusaka betri ilikuwa gharama ya kila mara, lakini ilibadilishwa na mashine ikaendelea. Hapa betri ikiisha na mashine imeisha, kwa hiyo ile bei yote ya sifa uliyolipa ilikuwa ya betri moja.

Februari 2025, baada ya Bukavu, makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi kuingia Cibitoke, wengi wakalala uwanja wa mpira wa Rugombo. Wanunuzi walikuwepo kabla ya mahema. Simu kubwa zilienda kwanza, hata kabla ya jua kuzama, kisha spika za bluetooth, kisha hedifoni zile za kuzunguka kichwa, tena hizo zilitolewa bure kabisa, tunaona aibu kuandika bei. Redio ndogo za betri mbili hazikupata mnunuzi, kelele zake ziliisha zamani. Zikabaki na wenyewe, na usiku watu waliziweka katikati yao wakitafuta Radio Okapi, kujua kama Uvira bado ipo.

Wenye picha za redio za zamani, za Uvira, Baraka, Buja au popote, ziwekeni hapa chini pamoja na jina la redio na mwaka iliponunuliwa. Kama mnakumbuka ilinunuliwa bei gani na iliuzwa bei gani, andikeni zote mbili. Wiki ijayo zamu ni ya wandugu wa Musasa.