Kufa kwa mfupa wa taya kutokana na dawa
Hali ambayo mfupa wa taya hubaki wazi kinywani kwa zaidi ya wiki 8 kwa mtu anayetumia, au aliyewahi kutumia, dawa za kuzuia mifupa isimong'onyoke, kama vile bisfosfoneti na denosumabu, bila taya hilo kuwahi kupigwa mionzi ya tiba. Kinga bora, ambayo ni rahisi kusahauliwa, ni kung'oa meno mabovu kabla ya dozi ya kwanza, kwa kuwa bisfosfoneti hukaa mfupani kwa miaka na kuisimamisha kwa siku chache hakusaidii sana. Jino likilazimika kung'olewa baadaye, daktari hulitoa taratibu, husawazisha kingo kali za tundu na kushona ufizi juu yake, huku mgonjwa akisukutua kwa klorheksidini hadi kidonda kifunge.