Jengo la Mtaa wa LaSalle
Sehemu ya Kwanza: Aliyeingia Peke Yake

Kabla hatujamfuata Richard Nickel ndani ya kifusi, tuutazame kwanza uzuri uliomwingiza humo.

Mwaka 1893, Dankmar Adler na Louis Sullivan walianza kujenga Soko la Hisa la Chicago, ghorofa 13, kwenye kona ya mitaa ya LaSalle na Washington. Udongo wa Chicago ni wa mfinyanzi, tena laini, na jirani wa upande wa magharibi alikuwa gazeti la Herald. Kushindilia nguzo ardhini kungeitikisa mitambo yake ya kuchapia. Basi upande huo wakachimba visima virefu hadi kwenye udongo mgumu, wakavijaza zege. Kazi ya maana kama hiyo ilifichwa ardhini, asiione mpita njia.

Alichokiona mpita njia ni upinde mkubwa wa mlango. Ndani, ukumbi wa madalali ulipambwa na Sullivan kuanzia kuta hadi dari: majani, maua na mistari, rangi juu ya rangi. Ungedhani bustani, kumbe watu wanapigania bei za hisa! Soko lenyewe lilihama mwaka 1908. Jengo likabaki na wapangaji wengine, likazeeka.

Wenye mali wakataka mnara mpya. Watu wakaandamana, lakini baraza la jiji likakataa kuliwekea jengo ulinzi. Lawama ya kuvunjwa kwake siwatwishi vibarua wenye nyundo. Ni ya waheshimiwa waliopiga kura.

Nickel, mpiga picha, alikwisha kuyaonja machungu hayo. Mwaka 1960 alibeba bango kuutetea ukumbi wa Garrick, kazi nyingine ya Adler na Sullivan. Ukavunjwa, pakajengwa maegesho ya magari. Tangu hapo akashika njia moja: jengo lisilookoka lipigwe picha, na nakshi zake zing'olewe kipande kwa kipande kabla ya kusagwa.

Hivyo ndivyo alivyofanya LaSalle pia, huku wavunjaji wakiendelea na kazi. Alikuwa na umri wa miaka 43, na ndoa yake ilikuwa imekaribia.

Alhamisi, Aprili 13, 1972, akaingia tena, peke yake.

Hakurudi nyumbani. Rafiki zake wakaenda LaSalle kumtafuta. Mbele yao palikuwa na tani kwa tani za chuma, zege na matofali, na sakafu zilizobaki hazikuaminika hata kukanyagwa. Waanzie wapi?

Itaendelea wiki ijayo.