Maonyo katika miongozo ya kiufundi: Daraja, mahali na maudhui

Onyo katika mwongozo wa kiufundi ni maandishi yaliyotengwa na maelezo ya kawaida, aghalabu ndani ya kisanduku, ili kumkinga msomaji dhidi ya madhara. Ufanisi wake hutegemea mambo matatu: daraja, mahali na maudhui.

Kuhusu daraja, viwango vya Marekani vya ANSI Z535 hutumia maneno manne yenye uzito tofauti, ambayo kwa Kiswahili yaweza kufasiriwa hivi. "Hatari" ni pale ambapo kifo au jeraha baya litatokea mtu asipojihadhari. "Onyo" ni pale ambapo madhara hayo yanaweza kutokea. "Tahadhari" huhusu majeraha madogo au ya wastani. "Ilani" hutumiwa kwa mambo yasiyohusu majeraha, kama vile uharibifu wa mitambo. Kidokezo cha kurahisisha kazi hakistahili neno lolote kati ya hayo.

Kuhusu mahali, onyo sharti litangulie hatua inayohusika. Tuchukue mfano wa kuzimua asidi ya salfuriki maabarani. Mwongozo ukisema "changanya asidi na maji", kisha ueleze hatari aya tatu baadaye, mwanafunzi anayefuata hatua moja baada ya nyingine atakuwa amekwisha kumimina.

Kuhusu maudhui, onyo kamili hutaja hatari, matokeo yake na namna ya kuiepuka. Kauli "kuwa mwangalifu na asidi" haimwambii mtu la kufanya. Ni bora kuandika: "ONYO: Maji yakimiminwa ndani ya asidi, joto kali hutokea na asidi yaweza kuruka na kukuunguza macho na ngozi. Vaa miwani ya kinga. Mimina asidi polepole ndani ya maji huku ukikoroga."

Hata hivyo, wingi wa visanduku hudhoofisha vyote. Ukurasa wenye onyo katika kila aya humzoesha msomaji kuyaruka, na lile la kuokoa macho hupotea miongoni mwa yale ya kupangusa meza. Isitoshe, rangi nyekundu pekee haitoshi, kwani nakala ikipigwa fotokopi isiyo na rangi, nyekundu hugeuka kijivu. Neno lenyewe ndilo libebe uzito.

Kabla ya kuchapisha, mhariri na ajiulize swali moja kuhusu kila kisanduku: msomaji akikiruka, ni nini kitakachomdhuru au kuharibika? Jibu likikosekana, maneno hayo yarejeshwe katika maelezo ya kawaida.