Nyimbo na Filamu za Kunakili Arusha

Biashara ya nyimbo na filamu za kunakili katika mitaa ya Arusha, kama Sombetini, imebadilika kila chombo cha kuhifadhia kilipobadilika. Katika miaka ya 1990 chombo kikuu kilikuwa kaseti. Mteja alichagua nyimbo, na mwenye duka akamrekodia kwenye kaseti tupu. Arusha nayo ilikuwa na muziki wake: kundi la hip hop la X Plastaz lilianza wakati wa kaseti, na albamu yake ya Maasai Hip Hop ikatolewa Ujerumani mwaka 2004.

Baadaye zilikuja sidii na dividii, ambapo diski moja ya bei nafuu ilibeba filamu kadhaa, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kisha simu ziliwafanya wateja walipie kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi au flashi, na marafiki wakarushiana bure.

Ili kulinda kazi za wasanii, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, ikazaa COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki nchini. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu ili nakala halali itambulike. Hata hivyo, stempu ilibandikwa kwenye ganda la diski, wala si kwenye faili lililorushwa kutoka simu hadi simu. Mnunuzi alifuata bei na urahisi, na hasara ikamwangukia msanii, ambaye alistahili malipo ya jasho lake.