Bandia Haishindwi kwa Hotuba

Jumapili mbili zilizopita alinijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyemaliza chuo na ambaye bado anazunguka mjini na bahasha ya vyeti. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, karibu ukae." Kwa namna alivyokaa kwenye ukingo wa kiti nilijua ana jambo. Chai ilipokwisha akalitoa: anaomba nimkopeshe shilingi laki nane afungue duka.

"Duka la nini?"

"La magemu, mjomba. La mtandaoni."

Ndugu msikilizaji, laki nane hizo ninazo, lakini ni fedha za bati. Kibanda changu kimesimama kuta tangu mwaka juzi, kinangoja kuezekwa kabla ya masika. Kwa hiyo sikukimbilia kujibu. Nilimwuliza atauza nini hasa, naye akanieleza bila kificho. Atashusha michezo ya kompyuta kutoka kwenye intaneti bila kuilipia, ataijaza kwenye diski yake, ataitangaza kwa simu, na mteja akishatuma fedha atawekewa mchezo kwa shilingi elfu tatu. Hiyo ni michezo ambayo wenyewe huiuza kwa makumi ya dola.

"Kila mtu anafanya hivyo," alisema. "Hapa mjini nani atanunua orijino?"

Swali hilo ndilo lililozaa mazungumzo ya leo. Nilitaka kumjibu kwa hotuba juu ya uaminifu, nikajizuia, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Badala yake nilimsimulia habari za vijana wawili waliokutana na swali hilohilo zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika mji ulio mbali sana na hapa.

Mji huo ni Warsaw, makao makuu ya Poland. Utawala wa kikomunisti ulianguka nchini humo mwaka 1989. Wakati huo vijana wengi walikuwa wamekwisha kuonja utamu wa kompyuta ndogo za nyumbani, lakini michezo halali ilikuwa adimu madukani. Sheria ya hakimiliki iliyokuwepo ilitungwa mwaka 1952, enzi ambazo hakuna aliyeota kuwa na kompyuta sebuleni, kwa hiyo haikulinda programu za kompyuta. Matokeo yake yalionekana kila mwisho wa juma katika mtaa wa Grzybowska, ambako soko la kompyuta lilikuwa likikusanyika. Wauzaji walipanga nakala mezani kama mafungu ya nyanya, na mnunuzi hakuona haya, wala muuzaji hakumwogopa askari.

Katika soko hilo alikuwemo Marcin Iwiński, mwanafunzi wa sekondari, ambaye naye aliuza nakala za michezo ya nchi za Magharibi. Shuleni alikutana na Michał Kiciński, mpenzi wa michezo kama yeye, nao wakawa washirika. Nasisitiza jambo hili kwa makusudi. Hawa wawili hawakushuka kutoka mbinguni wakiwa wameshika mizani ya haki. Walianzia palepale alipotaka kuanzia mpwa wangu.

Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea. Mwezi Februari Poland ilitunga sheria mpya ya hakimiliki, na safari hii programu za kompyuta zilitajwa. Mwaka huohuo Iwiński na Kiciński walianzisha kampuni yao, wakaiita CD Projekt. Mtaji ulikuwa kama dola 2,000 na kompyuta moja. Ofisi ilikuwa chumba katika nyumba ya rafiki yao ambaye hakuwatoza kodi. Walichouza ni michezo iliyo kwenye CD, waliyoiagiza kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Marekani.

Kwa nini CD? Hapo ndipo penye akili ya biashara. Diski laini za siku zile zilibeba kama megabaiti 1.4 tu, na mtu yeyote mwenye kompyuta aliweza kuzinakili. CD moja ilibeba kama megabaiti 650, yaani mzigo wa diski laini zaidi ya mia nne. Mitambo ya kuchoma CD ilikuwa ghali mno mwaka 1994. Mwuza nakala wa mtaani alishindwa. Mwenye CD halali alikuwa na kitu ambacho jirani yake wa meza ya pili hana.

Lakini waliosema ukiona vyaelea ujue vimeundwa hawakusema kwamba vikishaundwa haviigwi. Miaka michache baadaye mitambo ya kuchoma CD ilishuka bei, na meza za bandia zikajaa CD. Sheria ilikuwepo kwenye karatasi, nakala zilikuwepo mtaani. Ile nafuu ya awali ikayeyuka, na swali likarudi vilevile: nani atanunua orijino?

Jibu lao lilikuja mwaka 1999, kwa mchezo uitwao Baldur's Gate, kazi ya kampuni ya BioWare ya Kanada. Ni mchezo mrefu wa hadithi wenye maandishi kama kitabu kinene, na ulijaza CD tano. Vijana hawa waliutafsiri wote kwa Kipolandi. Wakawaita waigizaji mashuhuri wa nchi yao watoe sauti za wahusika. Ndani ya boksi wakaongeza ramani ya nchi inayosimuliwa na CD ya muziki. Bei yao ilikuwa juu kuliko ya bandia, lakini mwenye bandia naye alipaswa kununua CD tupu tano na hakuwa na ramani wala boksi zuri la kupanga kabatini. Siku ya kwanza tu ziliondoka nakala 18,000.

Tazama basi, ndugu msikilizaji, walichokifanya. Hawakubandika tangazo la kumlaani mwizi. Walijiuliza mnunuzi anapata nini kwa mwizi, kisha wakampa hicho na zaidi. Mtu aliyeshinda miaka akinunua nakala bila aibu alitoa fedha nyingi zaidi, kwa hiari yake, kwa sababu mchezo ulisema naye kwa lugha ya mama yake.

Mwaka huohuo wa 1999 Bunge letu hapa Tanzania lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, sheria namba 7, iliyozaa taasisi ya hakimiliki tunayoijua kwa jina la COSOTA. Nami hapa sina budi kutoa ile sababu iliyonizuia kumhutubia mpwa wangu.

Mwaka 1997, nikiwa na miaka kumi na saba, nilikaa likizo nzima katika duka la kurekodi kanda. Wenye umri wangu wanayakumbuka maduka yale. Mteja alileta orodha ya nyimbo kwenye kipande cha daftari, nasi tukamtengenezea kanda yake kwa redio kaseti ya milango miwili, taarab upande huu, dansi upande ule. Nilikuwa fundi. Nilijua kukata wimbo bila kuacha mkwaruzo, na niliandika majina ya nyimbo kwa kalamu nyekundu kwa mwandiko ambao wateja waliusifu.

Jioni moja aliingia mzee mmoja mwenye kofia, akasimama akiangalia kanda ukutani. Akaniuliza wimbo fulani unakwendaje. Nikamjibu kwa majivuno kwamba huo ndio mfalme, juma lile pekee nimeutia kwenye kanda zaidi ya thelathini. Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akasema taratibu, "Huo ni wangu, mwanangu. Na leo nimekuja kwa miguu." Hakugomba, hakudai. Alitoka akaifuata njia yake. Mimi nilibaki na kalamu yangu nyekundu mkononi, na kesho yake nikaendelea kurekodi, kwa kuwa orodha zilikuwa nyingi na ujira ulikuwa wa kanda.

Sasa mtu wa namna hiyo atasimama vipi mbele ya kijana amwambie usiibe? Lakini katika miaka yote ya kukaa nyuma ya kipaza sauti nimejiuliza kwa nini wateja wetu hawakununua kanda halali. Sidhani walikuwa watu wabaya. Kanda halali ilikuja na nyimbo usizozitaka, na aghalabu haikuonekana dukani siku unayoihitaji. Yetu ilikuwa na nyimbo ulizozichagua, ilikuwa karibu, na iliandikwa jina lako. Sisi wezi ndio tuliokuwa tunahudumia vizuri. Huo ndio ukweli mchungu ambao vijana wa Warsaw waliutambua mapema.

Walirudia somo hilo mwaka 2008, na safari hii kwa duka la mtandaoni hasa. Waliliita Good Old Games, jina ambalo baadaye lilifupishwa kuwa GOG.com. Waliona kwamba michezo ya miaka ya tisini imetoweka madukani. Aliyetaka kuucheza tena mchezo wa ujana wake hakuwa na pa kuununua, alibakiwa na nakala ya haramu au basi. Na hata akiipata, kompyuta mpya iliukataa.

Kazi ya duka ikawa mambo matatu. Kwanza, kuwatafuta wenye haki na kufanya nao mkataba. Interplay na Codemasters walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Pili, kuutengeneza mchezo ukubali kwenye kompyuta za kisasa, mara nyingi kwa msaada wa programu ya DOSBox, inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Tatu, kuuza kwa bei nyepesi, dola 5.99 au 9.99, pamoja na kitabu cha maelezo na nyongeza nyingine.

La kushangaza zaidi ni kwamba waliondoa kufuli. Kampuni nyingi wakati huo ziliiwekea michezo yao kinga za kuzuia kunakili, na aliyeumia ni mnunuzi halali. Yeye ndiye aliyeingiza namba ndefu za siri, yeye ndiye aliyekwama mtandao ukikatika. Mwenye nakala ya wizi alicheza bila bughudha, kwani mwizi alikwisha kuivunja kufuli. GOG ilisema: ukinunua ni chako, ukiweke utakapo. Wengi waliona ni kukaribisha wizi mchana kweupe. Lakini mchezo ulikuwa tayari umeibwa miaka mingi. Kufuli lingemzuia nani? Duka likasimama.

Nisiwachore watu hawa kama malaika. Mwaka 2007 walitoa mchezo wao wenyewe, The Witcher, uliotokana na hadithi za mwandishi wa Poland, Andrzej Sapkowski. Mwandishi alichukua malipo ya mkupuo, akakataa asilimia, kwa kuwa hakuamini mchezo utaleta faida. Mchezo na warithi wake wakaleta faida kubwa. Mwaka 2018 mawakili wake walidai zaloti milioni 60, na mwaka 2019 pande mbili zikafikia makubaliano mapya. Kwa hiyo hata katika biashara halali mzee mwenye kofia anaweza kuja dukani kwa miguu. Mkataba ni jambo la kuulizwa kila siku.

Nilipomaliza hadithi yangu mpwa wangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa mjomba. Lakini wale walikuwa na dola elfu mbili. Na wewe ulishika kalamu nyekundu, hukuacha." Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia aende akafikiri duka ambalo mteja wake hatalipata kwenye meza ya jirani.

Jumapili iliyopita alirudi na karatasi. Atauza diski halali za PlayStation zilizokwisha kutumika, pamoja na pedi. Kila diski ataijaribu mbele ya mteja, au ataipiga picha ya video ikicheza kabla ya kuituma. Mteja atalipa mzigo ukifika. Diski ikikataa ndani ya siku saba, anarudishiwa fedha. Aliyemaliza mchezo anaweza kuurudisha, akaongeza kidogo, akachukua mwingine. Alikuwa amezunguka, ameandika bei za kununulia na za kuuzia, na nauli ya bodaboda hadi Mbagala na hadi Tegeta. Faida ni ndogo. Mwenye kuuza mchezo kwa elfu tatu atakuwa na wateja wengi kuliko yeye, pengine kwa muda mrefu.

Nimempa laki nne. Nusu ya nyumba itaezekwa, nusu itangoja, na mama watoto hajaacha kuniuliza ni chumba kipi kitakachonyeshewa. Sijui duka litafika wapi. Najua tu kwamba kijana ameliacha swali la nani atanunua orijino, ameshika lingine: orijino yangu itampa mteja nini? Mimi nilipokuwa na umri wake hakuna aliyenielekeza kwenye swali hilo, na mzee mwenye kofia alirudi kwao kwa miguu.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.