Habari za Fletcher Henderson, Mpiga Piano

Wasikilizaji wetu, wengi wetu twalijua jina la Benny Goodman, aliyeitwa Mfalme wa Swingi huko Marekani. Wachache twamjua Fletcher Henderson, mtu mweusi ambaye kalamu yake ilimsaidia Goodman kukikalia kiti hicho.

Henderson alizaliwa mwaka 1897 mjini Cuthbert, katika jimbo la Georgia. Alisoma kemia Atlanta, akahitimu mwaka 1920, kisha akaenda New York. Siku zile kazi ya kemia ilikuwa adimu kwa mtu mweusi. Basi akaigeukia piano. Mwaka 1924 bendi yake ilikuwa ikipiga katika jumba la dansi la Roseland, na Louis Armstrong mwenye tarumbeta alikuwamo.

Humo hapakuwa na kubahatisha. Don Redman, na baadaye Henderson mwenyewe, waliandika zamu ya kila safu: tarumbeta zikiita, saksafoni huitikia, kisha mmoja huachiwa nafasi apige apendavyo.

Ila fedha hakujua kuzishika. Bendi ilivunjika mwaka 1934, naye akawa akimwuzia Goodman nyimbo alizozipanga. Tarehe 21 Agosti 1935, katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, Goodman alipozipiga, vijana walishangilia mno, na sifa zikamwendea yeye. Kwa kweli Goodman hakumficha mwenzake, na mwaka 1939 alimchukua apige piano bendini. Lakini taji halikugawanywa.

Henderson alipooza mwaka 1950, akafariki New York mwezi wa Desemba 1952.